Malisho ya Chini ya Naivasha

Reki tunayoitumia ni ile ile ya kukusanyia majani shambani, ila tumechukua vichwa viwili, tukavifunga mgongo kwa mgongo na kuvitia kamba ya mita 15. Unairusha kutoka kwenye mashua, unaiacha izame mpaka iguse tope, kisha unaivuta taratibu. Ikirudi na majani, unayapima. Ikirudi na tope, unaandika sifuri na mashua inasogea. Siku niliyofanya kazi hiyo upande wa kaskazini wa Ziwa Naivasha, karibu na mdomo wa Mto Malewa, niliandika sifuri kutwa nzima. Mwenye mashua, mzee aliyevua katika ziwa hilo tangu ujana wake, alinitazama muda mrefu bila kusema neno. Mwishowe akaniambia, "Daktari, hapa zamani injini ilikuwa inanaswa na nyasi. Ulikuwa unaizima, unachukua kasia."

Nimesoma makala nyingi za kitaalamu kuhusu Naivasha, na sijui ipi inayolieleza jambo hili kwa ufupi kuliko mzee yule. Chini ya maji yale palikuwa na malisho. Leo hayapo kwa kiasi kile, na kwa kuwa yalikuwa chini, yalipoondoka hapakuwa na kelele kama zile zinazopigwa gugumaji linapotanda na kuziba gati.

Mtu akitaja mimea ya ziwani, wengi wetu tunaona gugumaji na maua yake ya zambarau. Lakini ziwa lina makundi kadhaa ya mimea. Ipo inayosimama ukingoni miguu ikiwa majini, kama mafunjo na matete. Ipo inayoelea, mizizi ikining'inia bila kugusa chini. Halafu ipo ile inayoishi maisha yake yote ndani ya maji, mizizi kwenye tope na majani yakiyumba na mkondo. Naivasha kundi hili la mwisho lilikuwa hasa la Najas horrida, yenye majani membamba yenye miiba midogo pembeni, pamoja na aina kadhaa za Potamogeton. Kando yake yalikuwepo mayungiyungi ya buluu, ambayo mizizi yake iko chini na majani yake hulala juu ya maji. Mimea hii iliyozama haina jina moja la Kiswahili linalokubaliwa na wote. Nadhani hilo nalo limechangia kuisahau.

Tatizo la kwanza ni la kipimo. Tumezoea kuuliza mimea ni mingi kiasi gani, wakati swali lenye uzito ni inakua kwa kasi gani. Ukitaka kujua maziwa anayotoa ng'ombe, huangalii kibuyu kilichobaki jikoni asubuhi moja. Unajumlisha kila alichokamwa, na ukiwa makini unahesabu pia alichonyonya ndama. Mimea ya majini ina ndama wengi: konokono, samaki, ndege, wadudu, na ile sehemu inayokatika yenyewe na kuoza. Kitanda cha nyasi kinachoonekana kidogo kinaweza kuwa kinazalisha sana huku kikiliwa sana. Kingine kinachoonekana kinene kinaweza kuwa kimedumaa, hakiliwi na hakikui.

Ulaya kosa hili si kubwa sana. Kule mimea ya ziwani huchipua masika, hufika kilele kiangazi, kisha hufa baridi inapoingia. Ukiivuna siku ya kilele na kuikausha, uzito wake unakaribiana na uzalishaji wa mwaka mzima. Naivasha iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,890. Mchana ni ule ule Januari na Julai. Jani linazaliwa, linachakaa, linadondoka, lingine linashika nafasi. Ukipima mwezi huu na mwezi ujao utapata uzito ule ule na kudhani hakuna kilichotokea, kumbe shina zima limejifanya upya. Ndiyo maana huku kwetu kazi inataka uvumilivu zaidi: unafunga uzi wa rangi kwenye shina, unahesabu majani, unarudi baada ya siku kumi unahesabu tena, na unafanya hivyo kwa mashina mengi.

Mwaka 1963 mtafiti wa Uingereza, D. F. Westlake, alikusanya vipimo vya uzalishaji wa mimea kutoka sehemu mbalimbali na kuvilinganisha. Kwa mimea iliyozama kwenye maji baridi alikadiria takriban tani 6 za mata kavu kwa hekta kwa mwaka katika nchi za baridi, na tani 17 katika nchi za joto. Kwa mimea iliyosimama kwenye vinamasi vya nchi za joto makadirio yake yalipanda hadi tani 75. Baadaye F. M. Muthuri, M. B. Jones na S. K. Imbamba walipima mafunjo ya Naivasha yenyewe, wakapata kilo 6 na ushei kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, yaani zaidi ya tani 60 kwa hekta. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1989. Mafunjo yale yale tunayoyachoma moto kila ukame yamo katika orodha ya mimea inayozalisha kuliko karibu yote iliyowahi kupimwa duniani.

Kwa nini basi mmea uliozama uachwe nyuma namna hiyo, ilhali maji anayoyalilia kila mkulima umeyaogelea? Ukiwa mmea wa nchi kavu, kiu ndiyo adui. Ukiwa chini ya ziwa, kinachokosekana ni mwanga na hewa.

Tuanze na hewa. Hewa ya ukaa, ambayo kila jani la kijani linaihitaji ili kutengeneza chakula, husafiri ndani ya maji kwa kasi ndogo mara 10,000 kuliko angani. Kuzunguka kila jani lililozama kuna utando mwembamba wa maji yaliyotulia. Jani likishaimaliza hewa iliyomo kwenye utando huo, linabaki likingoja. Mmea umejipanga kukabiliana na njaa hii. Majani yake ni membamba mno, mara nyingi ya tabaka chache tu za seli. Hayana ngozi ya nta, na vile vitundu vya kupumulia vilivyo kwenye majani ya nchi kavu hayana haja navyo, kwa sababu uso wote wa jani unanyonya. Ukilitoa majini, linanyauka mkononi kabla hujamaliza kuandika namba yake.

Maji yanapokuwa na ualkali, kama ya Naivasha, hewa ya ukaa iliyo huru inakuwa sehemu ndogo mno. Kaboni karibu yote imejifunga katika umbo la bikaboneti. Mimea mingi, mosi kwa mfano, haiwezi kuitumia. Potamogeton nyingi zinaweza, na hapo ndipo zinapoishinda mimea mingine. Katika maji yenye kalsiamu ya kutosha, kazi hiyo huacha alama unayoweza kuigusa. Chukua jani lililokomaa ulipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada: utasikia mkwaruzo kama wa msasa laini. Hiyo ni chokaa. Mmea umeivuta kaboni kutoka kwenye bikaboneti na chokaa ikaganda juu ya jani. Katikati ya kitanda kinene cha nyasi, alasiri ya jua kali, ualkali wa maji unaweza kupanda kupita kipimo cha pH 9, na oksijeni kuzidi kiasi ambacho maji hubeba kwa kawaida. Usiku mmea na kila kiumbe kilichojificha humo hupumua, na oksijeni hiyo hushuka. Kitanda hicho kinavuta na kutoa pumzi mara moja kwa siku.

Viputo vinavyopanda kutoka kwenye majani mnamo saa nne asubuhi ni vizuri kuvitazama, lakini vimewapotosha wapimaji wengi. Shina la mmea uliozama lina mifereji ya hewa ndani yake, mithili ya bomba zilizopangwa sambamba. Oksijeni inayotengenezwa alfajiri hujaza mifereji hiyo kwanza, nyingine hushuka hadi mizizini na kuvujia kwenye tope lisilo na hewa. Ile njia ya zamani ya chupa mbili, moja angavu na moja nyeusi, waliyoieleza Gaarder na Gran wa Norwei mwaka 1927 kwa ajili ya mwani wa baharini, huhesabu tu oksijeni iliyofika kwenye maji. Ukiitumia kwa Potamogeton bila kulijua hilo, asubuhi utaudhania mmea mvivu, na jioni utaupa sifa ya kazi iliyofanyika saa kadhaa nyuma.

Mwanga ni hadithi nyingine, na kwa Naivasha ndiyo yenye uzito. Tunaupima kwa sahani ya Secchi, iliyopewa jina la padri na mnajimu wa Italia aliyeitumia baharini mwaka 1865: sahani ya duara, kwa kazi ya maziwani ina robo nyeusi na robo nyeupe, inayoshushwa kwa kamba mpaka macho yaipoteze. Mimea iliyozama kwa kawaida hukomea kwenye kina cha mara mbili au tatu ya hapo. Zaidi ya kina hicho, chakula kinachotengenezwa mchana hakifidii kile kinachotumika mchana na usiku. Mmea unaotoka sare kila siku haukui, na ukiliwa jani moja umeshindwa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme sakafu ya ziwa inateremka mita moja kwa kila mita 100 kutoka ukingoni. Maji yakiwa angavu kiasi cha nyasi kuota hadi kina cha mita 4, una ukanda wa malisho wenye upana wa mita 400 kuzunguka ziwa. Maji yakichafuka mpaka nyasi zikomee mita 1.5, ukanda unabaki mita 150. Zaidi ya nusu ya shamba imekwenda, na hakuna mtu aliyeng'oa chochote. Naivasha ni ziwa pana lenye kina kifupi, kwa hiyo hesabu hii inaliumiza kuliko ingeliumiza ziwa la miamba mikali. Isitoshe, kimo chake hakitulii. Ziwa lilishuka vibaya hadi 2009, kisha likaanza kupanda. Mwaka 2020 maji yalikuwa ndani ya nyumba za mtaa wa Kihoto. Kila kimo kinapobadilika, ukanda wa mwanga unahama, na nyasi zinapaswa kuufuata kwa mbegu na vipande vya mashina. Ukihama haraka kuliko zinavyoota, zinabaki gizani.

Wala mwanga peke yake hautoshi. Ziwa Tanganyika kule Kigoma ni angavu kiasi kwamba unaweza kuona miamba mbali chini ya miguu yako, lakini mabustani ya nyasi si mengi, kwa kuwa pwani yake nyingi ni mawe na mawimbi. Mizizi inataka tope lililotulia, na ni humo inamopata sehemu kubwa ya fosforasi yake.

Naivasha tope halikukosekana. Kilichokuja ni wageni, mmoja baada ya mwingine. Panya mkubwa wa maji kutoka Amerika Kusini, coypu, aliyefugwa kwa ajili ya manyoya, aliingia ziwani katikati ya karne iliyopita na anahusishwa na kupungua kwa mayungiyungi. Salvinia, jani linaloelea kutoka Brazili, ilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutanda kama mkeka. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa Louisiana, kwa nia njema ya kibiashara. Miaka iliyofuata alivuliwa na kuuzwa Ulaya. Kamba huyu ana tabia inayomfanya awe hatari kuliko uzito wake: hukata. Anashika shina karibu na tope, analikata kwa kibano, anakula kipande na kuacha kingine kielee. Ukifika alfajiri mahali alipopita usiku, unakuta mashina mabichi yamejikusanya ukingoni kama majani ya mahindi baada ya mavuno. Mmea ule ulikuwa na uwezo wa kulisha ndama wake wote. Haukuwa na uwezo wa kufyekwa shinani kila usiku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyasi za chini zilikuwa zimetoweka katika ziwa kuu. David Harper wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyefuatilia Naivasha kwa miongo kadhaa pamoja na watafiti wa Kenya, alishuhudia jambo la kutia moyo baadaye: kamba walipopungua, nyasi zilirudi ndani ya miaka michache, kuanzia katikati ya muongo huo. Kuku-ziwa, wale ndege weusi wenye paji jeupe wanaozila, wakarudi kwa maelfu. Katikati ya miaka ya 1990 kamba wakaongezeka tena na nyasi zikashuka tena. Ni kama mizani: upande mmoja ukipanda mwingine unashuka.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungeweza kusubiri tu zamu ya nyasi ifike. Ila wakati mizani hiyo ikicheza, maji yenyewe yalikuwa yakibadilika. Mashamba ya maua yaliongezeka tangu miaka ya 1980, mji ukakua, na miteremko ya bonde la Malewa ikalimwa mpaka kingo za mito. Magazeti hupenda kuyasema maua, na yanastahili kusemwa. Lakini Nzula Kitaka na wenzake, waliopima fosforasi mitoni mwishoni mwa miaka ya 1990, walionyesha jinsi mvua kubwa inavyoshusha mzigo mzito kutoka juu bondeni. Udongo unaoondoka kwenye shamba la viazi Kinangop ndio unaomnyima mwanga Potamogeton kule chini. Zamani mafunjo ya mdomoni mwa mto yangeukamata mwingi. Mafunjo yamelimwa, yamechomwa, na kina kilipopungua nyati waliyakanyaga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaonekana samaki aina ya kapi, mwenye ndevu fupi kwenye kingo za mdomo, anayefukua tope kutafuta chakula. Ndani ya miaka kumi alikuwa ameshika sehemu kubwa kabisa ya mavuno ya wavuvi. Wavuvi wanamshukuru, na sioni sababu ya kuwalaumu. Wanasomesha watoto kwa huyo kapi. Lakini kila anapopekua chini, anarudisha kwenye maji tope na fosforasi iliyokuwa imelala.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema ziwa "limekufa". Ukijumlisha kila kitu cha kijani kinachokua Naivasha leo, sidhani kama utapata ziwa lililopungukiwa nguvu. Jua ni lile lile na rutuba imezidi. Uzalishaji ulihama. Uliondoka sakafuni, ukapanda juu: mwani unaofanya maji yawe kama supu ya mchicha, na gugumaji lililofika mwaka 1988, ambalo likipata rutuba linaweza kujiongeza maradufu ndani ya wiki mbili. Kilo moja ya mata kavu ni kilo moja popote ilipo, lakini iliyo juu inaitia kivuli iliyo chini. Nyasi za chini hufanya kinyume: hutuliza tope kwa mizizi, hupunguza nguvu ya mawimbi, huwapa hifadhi viroboto-maji wanaokula mwani, na kwa hiyo husafisha maji zinayoyahitaji ili ziishi. Watafiti kama Marten Scheffer wa Uholanzi na Brian Moss wa Uingereza walieleza kwamba ziwa la kina kifupi linaweza kukaa kwa uthabiti katika hali mbili, maji angavu yenye nyasi au maji machafu yenye mwani, na kwamba rutuba iliyolifikisha kwenye hali ya pili ikipunguzwa kidogo hairudishi ya kwanza. Lazima ipunguzwe sana, na mara nyingi lazima kitu kingine kisaidie.

Kuna jambo dogo katika mporomoko huu ambalo halionekani ukiwa juu ya mashua. Kabla maji yenyewe hayajawa kijani, majani ya nyasi huvaa koti. Mwani mdogo hushika juu ya jani lenyewe, na tope laini hunasa humo. Ukilipangusa kwa kidole unaacha mstari wa kijani angavu katikati ya ukungu wa kahawia. Chini ya koti hilo jani linapata sehemu tu ya mwanga uliolifikia, na hewa ya ukaa lazima ipenye ukuta mwingine tena. Sahani ya Secchi bado inasoma vizuri na ripoti inasema hali ni shwari, lakini kasi ya kukua imeshaanza kushuka. Hapo kipimo cha wingi hakitakuonya. Uzi uliofungwa kwenye shina utakuonya.

Kwa hiyo ninaloliomba kwa wanaosimamia ziwa hili, ambalo tangu 1995 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ni la gharama ndogo. Kimo cha maji kinasomwa. Samaki wanaoshushwa kwenye fuo wanapimwa. Ndege wanahesabiwa. Nyasi za chini nazo zipewe nafasi katika daftari hilo hilo: mistari michache ya kudumu kuzunguka ziwa, reki, sahani ya Secchi na nyuzi za rangi, mara nne kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Na wanaokodiwa kuondoa gugumaji wafundishwe kutofautisha, maana nimeona mashina mabichi ya Potamogeton yakipakiwa mkokoteni mmoja nalo, yakaitwa magugu yote pamoja na kutupwa kwenye lundo moja.

Tulimalizia siku ile kwenye ghuba ya Kisiwa cha Crescent, kwenye kreta iliyozama yenye kina kirefu kuliko sehemu nyingine zote za ziwa kuu. Mzee alizima injini karibu na ukingo, mahali palipokingwa na upepo. Reki ya kwanza ilitoka na tope. Ya pili ilitoka na mashina matatu, moja likiwa na mizizi myeupe iliyoshika donge la udongo. Mzee aliyachukua, akayaosha majini, akayageuza mkononi. "Ndizo hizi," akasema. Nilikata moja kwa ajili ya maabara. Mengine mawili aliyarudisha mwenyewe majini, karibu na ukingo, akayasindikiza kwa kasia mpaka chini.